“Tumeibiwa!”

Mpira wa miguu una michezo miwili. Wa kwanza huchezwa uwanjani kwa dakika 90, na watu 22 tu ndio waukimbiliao. Wa pili huanza mara mwamuzi apulizapo kipenga cha mwisho. Huo huchezwa na mji mzima, wala hakuna ajuaye utakwisha lini.

Sisi wa Lubumbashi twaujua sana mchezo huo wa pili. Watu wakitoka uwanjani Kamalondo jioni ya Dominika, kutembea kwao ni kusimama. Wanapiga hatua tano, mmoja anageuka, anawazibia wenzake njia, anawaonyesha kwa mikono na magoti jinsi beki alivyopaswa kusimama. Magari yapiga honi bure. Kundi likifika Kenya au Katuba limekwisha kugawanyika mara tatu, na kila kipande kina hakimu wake, mashahidi wake na mshtakiwa wake. Wengine huketi penye munkoyo, wengine penye bia, wengine husimama tu kando ya meza ya mwuza makala mpaka giza liwaondoe. Kesho yake maneno ni yaleyale ndani ya basi na sokoni, na redioni watu hupiga simu ili kushtaki. Tena, tusifiche, hata mlangoni pa kanisa, kabla ya kengele ya pili, tumesikia habari za penalti.

Leo, wapenzi wasomaji, twataka kuyapima mabaraza hayo kama vile mtu apimavyo kitabu au mchezo wa jukwaani. Yana uzuri gani? Yana kasoro gani? Wengi huyadharau wakisema ni kelele za watu wasio na kazi. Sisi hatuyadharau hata kidogo, na ndiyo maana twayachambua.

Uzuri wake ni mkubwa. Mtu asiyeweza kukumbuka alikopa fedha kwa nani juma lililopita atakutajia kikosi chote cha mwaka 2010, pamoja na waliokaa benchi. Vijana hujifunza humo kusema mbele za watu, kungoja zamu, kujibu hoja kwa hoja. Wazee hupata kusikilizwa. Na ujuzi wenyewe si wa kubahatisha. Siku moja tulimsikia mama mmoja, mwuza samaki wa chumvi, akiwatuliza vijana waliokuwa wakimtukana beki wa kushoto.

“Mnamwonea mtoto wa watu,” alisema. “Kila akipanda mbele, nani anabaki nyuma yake? Yule wa katikati harudi. Mara mbili nimemwona anasimama, ameshika kiuno. Angalieni miguu ya yule wa katikati.”

“Lakini mama, bao limepita upande wake!”

“Limepita upande wake, ndiyo. Lilianzia wapi?”

Twakubali kwamba hatujasoma katika gazeti lolote maelezo mazuri kupita hayo. Mama yule hakusema kwamba mtu ni mvivu, wala kwamba amehongwa, wala kwamba kocha anampendelea mtu wa kabila lake. Alisema alichokiona, akasema alikiona mara ngapi, na mahali gani. Maneno yake yote yalihusu miguu.

Na hapo ndipo kasoro ya baraza inapoonekana. Katika mambo ya miguu, baraza letu ni mwalimu. Taabu yaanza linapoacha miguu na kuingia mioyoni. Mwamuzi amekosea kuona mpira wa kuotea: hilo ni jambo la miguu na macho, tena laweza kuwa kweli. Lakini baraza halikai hapo. Dakika ile ile lasema, “Amenunuliwa.” Mlinda mlango ameteleza, nalo lasema, “Ameuza mchezo.” Kocha amemtoa mshambuliaji, nalo lasema, “Ametumwa.” Na pengine linakwenda mbali zaidi, latafuta dawa iliyofukiwa chini ya goli na mtu aliyeifukia. Kosa tumeliona sote, lakini nia hakuna aliyeiona. Ajabu ni kwamba kwa kosa twabishana polepole, na kwa nia tunaapa.

Hebu tufikiri kidogo kazi ya yule msaidizi mwenye bendera. Sheria yamtaka aone mguu wa mtu apigaye pasi, na dakika hiyo hiyo bega la mtu aingojaye pasi. Watu hao wametengana pengine mita 40. Jicho la binadamu halitazami mahali pawili. Lazima ligeuke, na katika kugeuka huko mshambuliaji mwepesi amekwisha kupiga hatua mbili. Basi bendera itainuliwa kwa haki au kwa kosa, na mwenye bendera mwenyewe hajui kwa hakika. Na sisi, nyuma ya goli, tumeona nini? Migongo. Hata hivyo sisi ndio tunaojua.

Timu zetu mbili kubwa zilizaliwa mwaka mmoja, 1939, mji ulipokuwa bado waitwa Elisabethville. Wabenediktini walioongoza shule ya Saint-Boniface waliunda timu ya Saint-Georges. Baadaye ikaitwa Saint-Paul, halafu Englebert kwa jina la kiwanda cha matairi, na mwaka 1966, baada ya kumaliza ligi bila kushindwa, ikajiongezea jina la Tout Puissant, yaani Mwenyezi. (Mapadri waliolea timu ile sijui walilipokeaje jina hilo.) Leo ni TP Mazembe. Watu wa reli nao walijipatia Mtakatifu Eligius, msimamizi wa mafundi wa chuma, na hao ndio Saint-Éloi Lupopo. Timu zote mbili, basi, zilianza chini ya jina la mtakatifu, na kwa muda wa miaka zaidi ya 80 wafuasi wao wamerushiana maneno ambayo hayafai kuandikwa hapa. Zaidi ya hayo, siasa imeingia kiwanjani. Moïse Katumbi, aliyeishika Mazembe mwaka 1997, alikuwa gavana wa Katanga tangu 2007 hata 2015. Jacques Kyabula, aliyepata kuwa gavana wa Haut-Katanga, naye alipata kuwa rais wa Lupopo. Katika hali hiyo mtu akitamka “refa,” jirani yake husikia “serikali,” na wote wawili wataondoka wamekasirika bila kuelewana ni kwa sababu gani.

Sasa twaja kwenye usiku ambao wengi wetu hawapendi kuukumbuka.

Mwezi wa Desemba 2010, Mazembe walikwenda Abu Dhabi kushindania Kombe la Dunia la vilabu. Waliwafunga Pachuca wa Mexico 1 kwa 0. Wakawafunga Internacional wa Brazil 2 kwa 0, mabao ya Kabangu na Kaluyituka, na mlinda mlango Kidiaba akaruka-ruka juu ya makalio yake mbele ya macho ya ulimwengu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa timu isiyotoka Ulaya wala Amerika ya Kusini kufika mchezo wa mwisho wa kombe hilo. Hakuna mtu wa Lubumbashi aliyelala usiku ule. Tarehe 18 wakakutana na Inter ya Milano, wakashindwa 3 kwa 0. Pandev alifunga dakika ya 13, Eto’o dakika ya 17, na Biabiany dakika ya 85.

Mwamuzi alikuwa Yuichi Nishimura, Mjapani. Lakini mjini petu, mbele ya televisheni, watu waliona uso tu. Wakasema ni Mchina. Wakasema Wachina wametuibia. Na kabla usiku haujaisha, maduka ya Wachina yalipigwa mawe na kuporwa.

Tuyatazame mambo haya kama mama yule wa samaki angeyatazama. Katika mabao matatu, mwamuzi aliiba lipi? Mawili yaliingia kabla ya dakika ya 20, mabeki wetu wakiwa bado wanatafutana. La tatu liliingia timu yetu ilipokuwa imechoka na kupanda yote mbele. Hakuna lililotokana na penalti. Hayo yalikuwa maneno ya kutosha kwa juma zima: kwa nini tulianza vibaya vile? Kwa nini Eto’o aliachwa peke yake? Baraza lenye mabingwa wa kusoma miguu liliyaacha maswali yote hayo, likaenda kusoma uso. Hata uso lilishindwa kuusoma. Na gharama ya kosa lile haikulipwa na Nishimura, ambaye alipanda ndege yake na kuendelea na kazi, hata akachezesha mchezo wa ufunguzi wa Kombe la Dunia huko Brazil mwaka 2014. Ililipwa na wenye maduka ambao kosa lao lilikuwa kuishi Lubumbashi wakiwa na uso uliofanana na wa mtu mwingine. (Tena, hata yule aliyeshinda hakupona mabaraza ya kwao: kocha wa Inter, Benítez, aliondoka kazini siku chache tu baada ya kulitwaa kombe.)

Kulikuwa na swali jingine usiku ule, zito kupita yote, nalo lilitajwa kwa sauti ya chini. Nahodha wetu, Trésor Mputu, alikuwa wapi? Hakuwa Abu Dhabi. Mwaka ule ule wa 2010, katika Kombe la Kagame huko Rwanda, alikasirishwa na uamuzi, yeye na mwenzake Lusadisu wakamshambulia mwamuzi. FIFA ikamfungia mwaka mzima. Mputu alikuwa mchezaji ambaye mwaka uliotangulia alihesabiwa kuwa bora kupita wote waliokuwa wakicheza ndani ya Afrika. Inter walikutana na Mazembe bila Mputu. Labda tungeshindwa hata hivyo, kwa maana Inter walikuwa mabingwa wa Ulaya. Lakini kama twatafuta mtu aliyeipunguzia timu yetu nguvu siku ile, hatuna haja ya kwenda hata Japani. Hasira ya “tumeibiwa” ndiyo iliyotuibia nahodha. Na je, Mputu aliitoa wapi hasira ile? Alicheza katikati ya watu wanaosema kwamba mwamuzi ni adui. Sisi ndio watu hao.

Yafaa pia tutazame jambo kutoka upande wa pili wa uwanja, maana ni dawa nzuri. Ubingwa wa kwanza wa Afrika ulioletwa Lubumbashi ni wa mwaka 1967. Englebert walitoka sare mara mbili na Asante Kotoko wa Ghana, 1 kwa 1 na 2 kwa 2. Ikaamriwa wacheze mara ya tatu. Kotoko hawakutokea, nasi tukapewa kombe. Muulize mzee yeyote wa Kamalondo kwa nini hawakutokea, atakujibu akicheka, “Waliogopa.” Kumbe chama cha mpira cha Ghana hakikuwapa habari. Wachezaji hawakujua kwamba wanangojwa. Tangu siku ile tumewahukumu watu wa Kumasi kwa woga ambao hawakuwa nao, nao bila shaka katika mabaraza yao wamesema juu yetu neno lile lile tulipendalo, “Tumeibiwa.” Mwaka 1970 walikutana nasi tena katika mchezo wa mwisho, wakatufunga na kulichukua kombe. Sidhani waliogopa.

Na mwaka 2011? Mazembe, bingwa mara mbili mfululizo, waliondolewa katika mashindano ya Afrika kwa sababu ya hati za mchezaji Janvier Besala Bokungu. Simba wa Dar es Salaam ndio walioshtaki. Hapa mjini hatukusikia mtu aliyeuliza, “Hati inasemaje?” Tulisikia kwamba Kairo watuonea wivu, kwamba Watanzania wameshindwa uwanjani wakakimbilia ofisini. Labda walikimbilia ofisini, ndiyo. Lakini ofisini walikuta karatasi.

Ukitaka kujua ubaya wa kuhukumu mioyo, uonje ubaya huo ukiwa wewe ndiwe uliyehukumiwa. Sisi tumeuonja, na kikombe chenyewe hakijakauka.

Mwaka 1974 Zaire ilikwenda Ujerumani kwenye Kombe la Dunia, nchi ya kwanza ya Afrika kusini ya Sahara kufika huko. Baada ya kushindwa na Scotland 2 kwa 0, tarehe 18 Juni walikutana na Yugoslavia. Mlinda mlango alikuwa Kazadi Mwamba, mtoto wa timu yetu, aliyekwisha kuchukua ubingwa wa Afrika akiwa na Englebert na akiwa na nchi. Baada ya mabao matatu, katika dakika ya 21, kocha alimtoa, akamwingiza Tubilandu. Mpira wa kwanza Tubilandu aliougusa aliutoa wavuni. Mchezo ukaisha 9 kwa 0.

Kocha aliitwa Blagoje Vidinić, na Vidinić alikuwa Myugoslavia, tena zamani mlinda mlango wa timu ya kwao. Haya, msomaji, baraza lingehitaji nini zaidi? Mtu anawatoa golikipa bora mbele ya ndugu zake! Nchi nzima ikasema ameuza mchezo. Miaka mingi neno hilo lilimfuata. Lakini yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba agizo la kumtoa Kazadi lilitoka kwa mkubwa wa wizara aliyefuatana na timu. Twaweza kumlaumu kwa kutii. Hilo ni jambo la kubishana, hata leo, na lina uzito. Je, kocha akubali mkubwa amchagulie golikipa? Ni wangapi kati yetu wangekataa, chini ya Mobutu? Lakini tazama jinsi swali hilo lilivyo jingine kabisa kuliko lile la mtaani. Tulipokuwa tukimtazama msaliti kutoka Yugoslavia, tuliacha kumtazama mtu wetu aliyekaa kwenye viti vya wakubwa.

Mchezo huo huo una kisa kingine. Bao la nne lilipoingia, wachezaji wetu walimzunguka mwamuzi, Delgado wa Kolombia, wakilalamika. Mmoja akampiga teke nyuma. Delgado akageuka, akamtoa nje Mulamba Ndaye. Mulamba hakuwa amefanya neno. Aliyepiga teke ni Ilunga Mwepu, beki wa Lubumbashi, naye alikiri mwenyewe. Mulamba, aliyekuwa ametoka kufunga mabao 9 katika Kombe la Afrika la mwaka ule, hakucheza tena kwenye Kombe la Dunia. Mwamuzi aliona mweusi mmoja, akamwadhibu mweusi mwingine. Tulikasirika, na tulikuwa na haki ya kukasirika. Miaka 36 baadaye sisi tulimwona Mjapani, tukawaadhibu Wachina.

Siku nne baada ya hapo wakacheza na Brazil. Mchezo ulikuwa karibu kwisha, Brazil wamepata mpira wa adhabu, ukuta wa wachezaji wetu umesimama. Mwamuzi akapuliza kipenga ili Wabrazili wapige. Ghafla Mwepu, yule yule, akachomoka ukutani, akaupiga mpira mbali kwa nguvu zake zote. Akapewa kadi ya njano. Wabrazili wakatazamana wakicheka. Na ulimwengu mzima ukacheka pamoja nao: mwone Mwafrika, hajui hata sheria za mpira!

Picha ile ilionyeshwa tena na tena kwa miaka 40. Katika vitabu vya kuchekesha, katika vipindi vya televisheni, kila Kombe la Dunia likikaribia, Mwepu alitolewa tena na kuchekwa tena. Kadi ya njano ilikuwa haki. Mwamuzi Rainea aliona mguu, akahukumu mguu, akaendelea na kazi. Wengine wote wakahukumu kichwa cha mtu. Wakasema hajui.

Lakini fikirini. Mwepu alikuwa bingwa wa Afrika mwaka 1968 na tena 1974. Alikuwa amecheza mipira ya adhabu mamia kwa mamia. Mtu kama huyo angewezaje kutojua nani hupiga mpira wa adhabu? Swali hili mtoto wa darasa la tatu angeliuliza. Hakuna aliyeliuliza mpaka Mwepu alipokuwa mzee. Alipoulizwa, alijibu kwamba alizijua sheria vizuri. Alifanya kusudi. Wachezaji hawakulipwa fedha walizoahidiwa, na waliokula fedha hizo walikuwa wameketi jukwaani wakitazama. Tena walikuwa wametishwa kwamba wakifungwa na Brazil mabao mengi kupita matatu, warudipo nyumbani wataona. Mchezo ulikwisha 3 kwa 0. Teke lile, basi, lilikuwa la mtu mwenye hasira na mwenye hofu. Alitaka hata atolewe nje. Ulimwengu ulimtazama mtu aliyekuwa akilalamika, ukamwona mjinga.

Mwepu alifariki mwaka 2015. Wengi waliozungumza habari za kifo chake walianza na teke lile.

Twajua pingamizi litakalotolewa hapa. Msomaji atasema, “Kwani wizi haupo? Je, waamuzi wote ni malaika?” La, si malaika. Mwaka 2018 mwandishi wa habari wa Ghana, Anas Aremeyaw Anas, alitoa sinema iliyoonyesha waamuzi wa nchi mbalimbali za Afrika wakipokea fedha kwa mikono yao. Mmoja wao, msaidizi kutoka Kenya, alikuwa amekwisha kuchaguliwa kwenda Kombe la Dunia huko Urusi. Hakwenda. CAF iliwafungia wengi, wengine kwa maisha. Kwa hiyo mtu anayeshuku hana wazimu. Lakini angalieni jinsi wale walivyopatikana. Hawakupatikana kwa sababu watu 30,000 walipiga kelele. Walipatikana kwa sababu watu wachache walinyamaza, wakafanya kazi kwa muda mrefu, wakaleta picha ambayo mkono na noti vyaonekana ndani yake. Yaani walirudi kwenye mambo yaonekanayo. Na tena twaona kwamba aliyelia “wizi” kila Dominika kwa miaka 20 hakusaidia kumkamata hata mwizi mmoja. Alimsaidia mwizi, kwa sababu pale ambapo waamuzi wote huitwa wezi, mwizi wa kweli hujificha katikati yao bila taabu, na mwaminifu hujiuliza kwa nini ateseke.

Tumeulizwa mara nyingine kama jambo hili lastahili wino mwingi hivi, maana maneno ya mpira ni upepo tu. Tulidhani hivyo na sisi. Lakini tarehe 11 Mei 2014, Mazembe walikwenda Kinshasa kucheza na Vita Club katika uwanja wa Tata Raphaël. Uwanja huo una jina la Padri Raphaël de la Kethulle, mmisionari wa Scheut, aliyewafundisha vijana wa Kinshasa mpira na kuwajengea viwanja. Mazembe walikuwa wakiongoza 1 kwa 0. Watu wa nyumbani wakakasirika, mawe yakaanza kurushwa, polisi wakafyatua moshi wa machozi, umati ukakimbilia milangoni. Watu 15 walikufa kwa hesabu iliyotolewa na serikali. Walikuwa wamekuja kutazama mpira. Mabaraza yetu ya Lubumbashi jioni ile yalizungumza nini? Tulikuwapo penye moja. Kwanza walizungumza habari za bao, na kama lilikuwa halali. Halafu habari za maiti zikafika kwenye simu ya mtu, na kwa muda kila mmoja alitazama chini. Halafu mmoja akasema, “Ni wao wenyewe walioyataka.” Hatukusikia aliyemjibu. Sisi nasi hatukumjibu, nasi twaliandika hapa kwa aibu.

Katika haya yote hatusemi watu wanyamaze. Baraza bila ubishi ni matanga. Mtu wa Lupopo na mtu wa Mazembe wakikaa meza moja bila kubishana, mmoja wao ni mgonjwa. Tena kocha anastahili kuulizwa: kwa nini umebadilisha watu watatu dakika ya 60 na timu yenyewe ilikuwa imeanza kupumua? Mchezaji anayelipwa anastahili kuambiwa kwamba harudi nyuma. Mwamuzi naye anastahili kuambiwa kwamba penalti ile haikuwapo, na kwamba alikuwa mbali mno, na kwamba angekimbia zaidi angeona. Wenye redio ndio tungewaomba jambo moja. Tumesikia zaidi ya mara moja kipindi kikifunguliwa kwa neno “Tumeibiwa,” kabla hata msikilizaji hajaambiwa mabao mangapi. Mtu akisikia hivyo alfajiri, akiwa amelala na huzuni yake, atatoka nyumbani amekwisha kutoa hukumu, na kazi iliyobaki ni kutafuta mshtakiwa. Hata Mchina wa duka la jirani atafaa.

Mama yule wa samaki bado yupo. Tulipita kwake juzi, siku mbili baada ya mchezo wa watani, na vijana walikuwa wamejaa mbele ya meza yake kama kawaida, wakigombana juu ya bendera iliyoinuliwa mwishoni.

“Mama, we ulikuwa uwanjani. Sema. Refa yule si wamemnunua?”

Alikuwa akihesabu samaki za mteja, hakuinua kichwa.

“Refa? Mimi refa sikumwangalia, mwanangu. Nilikuwa namwangalia yule wa katikati. Bado harudi.”